Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Historia ya Sambaza katika Ziwa Kivu

Usiku usio na mwezi, mtu akisimama juu ya vilima vya Kamembe akaelekeza macho ziwani, huona taa nyingi zimetawanyika majini hata akadhani kwamba mji umezuka mahali ambapo mchana hapakuwa na kitu. Taa hizo ni za wavuvi wa sambaza. Alfajiri hurejea wakiimba, mitumbwi yao imefungamanishwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, na jua likianza kupanda samaki wale wadogo, weupe kama fedha, wamekwisha kupimwa. Wengine wamekwenda sokoni, wengine wamevushwa daraja la Rusizi kwenda Bukavu, wengine wameanikwa. Hapana kitoweo kinachoutambulisha mwambao huu wa Cyangugu ya zamani, ambayo sasa ni wilaya ya Rusizi, kuliko hicho. Mtoto wa hapa akiulizwa sambaza wameanza lini kukaa Kivu, hujibu kwamba wamekuwako tangu Mungu alipoliumba ziwa.

Jibu hilo si kweli. Sambaza ni mgeni, na si mgeni wa zamani. Aliletwa kwa mikono ya binadamu kati ya mwaka wa 1958 na 1960, na wangali hai wazee waliozaliwa kabla ya yeye kufika. Tena ni mlaji: hali majani wala mwani, bali huwinda viumbe wengine. Habari za kumhamisha mnyama mlaji na kumtia mahali pasipo pake aghalabu husimuliwa kama habari za maafa, na mara nyingi ndivyo zilivyo. Hii yetu ni ngumu zaidi kuisimulia, kwa sababu maafa yaliyotabiriwa hayakutimia, na heri iliyokusudiwa nayo ilipitia mlango ambao hakuna aliyeufungua kwa kujua. Nadhani walimu wa mwambao huu tunapaswa kuifahamu kama ilivyotokea, maana wanafunzi wetu huila kila wiki.

Hatuna budi kuanza na ziwa lenyewe. Miaka elfu nyingi iliyopita maji ya bonde hili hayakuelekea kusini kama yanavyofanya leo. Yalikwenda kaskazini, yakaungana na maji ya Ziwa Edward, na mwisho wake yakawa maji ya mto Nili. Kisha volkano za Virunga zikainuka, zikatapika moto na mawe, zikaliziba bonde kama mtu azibavyo mfereji kwa udongo. Maji yakapanda nyuma ya ukuta ule hata yakapata upenyo upande wa kusini, hapa kwetu, yakaanza kuteremka kwa njia ya mto Rusizi mpaka Ziwa Tanganyika, na kutoka huko mpaka mto Kongo. Kwa hiyo Kivu ni ziwa lenye nasaba mbili. Maji yake ni ya Kongo, lakini samaki wake wa asili, wale wadogo wa jamii ambayo wenzetu wa Mwanza huiita furu, ni ndugu wa samaki wa Ziwa Edward na Ziwa Viktoria.

Kwa nini basi samaki wa Tanganyika hawakupanda kuja huku maadamu njia ya maji ilikuwapo? Mtu ye yote aliyewahi kusafiri kutoka Kamembe kwenda Bugarama ameliona jibu. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770. Tofauti hiyo ya mita 700 hivi mto huishuka sehemu kubwa katika mabonde yake ya juu, ukipita kwa kishindo katikati ya kuta za mawe. Samaki waweza kuteremka, lakini kupanda hawawezi, isipokuwa wachache mno. Maporomoko hayo yalikuwa mlango, na mlango ulikuwa umefungwa. Ndiyo sababu Tanganyika ina aina za samaki zaidi ya 250, na Kivu, jirani yake wa mlango wa pili, ina aina zisizofika 30.

Wataalamu wa Kibelgiji waliochunguza maziwa ya Kivu, Edward na Albert kati ya mwaka wa 1952 na 1954 waliuona upungufu huo wakaupa jina. Walisema kwamba katikati ya Kivu ni mahali patupu. Samaki wote wa asili waliishi kandokando, kwenye mawe, majani na maji mafupi. Lakini mbali na ukingo, pale palipo na kina kirefu, hapakuwa na samaki wa kuvuliwa. Na chakula kilikuwapo. Tabaka la juu la maji lilikuwa na viumbe wadogo sana wanaoelea, ambao elimu ya siku hizi huwaita planktoni, na hapakuwa na mvuvi wala samaki aliyekuwa akiwavuna. Tabaka hilo si nene: ukishuka chini ya mita 60 au 70 hakuna hewa ya kumwezesha samaki kuishi, bali kuna gesi nyingi iliyoyeyuka majini, nayo tutarudi kuizungumza. Lakini lile tabaka la juu peke yake, juu ya ziwa lenye zaidi ya kilometa 2,300 za mraba, lilionekana kama shamba lililolimwa likaachwa bila mpandaji.

Neno “tupu” linastahili kuangaliwa kwa makini, na sisi walimu wa lugha ndio watu wa kwanza wa kuliangalia. Mahali pale palikuwa patupu kwa nani? Palikuwa patupu kwa sahani ya binadamu. Palikuwa na kiumbe mmoja, dafnia, ambaye ni kidudu cha maji kisichozidi ukubwa wa punje ya mtama, aliyeelea katikati ya Kivu kwa raha yake, akila mwani, wala hapakuwa na wa kumkimbiza. Kwa dafnia palikuwa nyumbani.

Isidhaniwe kwamba fikra ya kumpeleka mlaji mahali panapoonekana kuwa pamepungukiwa ilikuwa ya Wabelgiji peke yao. Ilikuwa fikra ya zama zile, na ilifika hata kwenye baridi kuu ya kusini mwa dunia. Katika kisiwa cha Marion, kilicho katika bahari ya kusini kuelekea Antaktika, watumishi wa kituo cha hali ya hewa cha Afrika Kusini walisumbuliwa na panya, wakaletewa paka watano mwaka wa 1949. Kisiwa kile hakikuwahi kuwa na mnyama mlaji wa nchi kavu tangu kilipotoka baharini, na ndege wake walizoea kutaga mayai ardhini, ndani ya mashimo, bila hofu. Paka waliona kwamba ndege ni rahisi kukamatwa kuliko panya. Kufika mwaka wa 1977 walikadiriwa kuwa kama 3,400, na ndege waliouawa nao walihesabiwa kwa mamia ya maelfu kila mwaka. Ilichukua maradhi yaliyopandwa kwa makusudi, bunduki na mitego mpaka paka wa mwisho alipoondolewa mwaka wa 1991. Panya wangaliko. Hivyo waliotumwa kazi waliiacha, wakafanya nyingine ambayo hawakutumwa. Msomaji na aikumbuke habari hiyo tunaporudi Kivu, kwa maana hapa pia aliyetumwa siye aliyefika.

Samaki aliyechaguliwa kulijaza pengo la Kivu alikuwa ndagala, yule ambaye watu wa Burundi humwita indagala na ambaye Kigoma huitwa dagaa, na kwa jina la kitaalamu ni Stolothrissa tanganicae. Sababu ya kumchagua ilikuwa wazi. Katika Tanganyika alikuwa tayari akivuliwa kwa wingi, analika kwa urahisi, anakauka juani bila ya kuhitaji barafu wala kiwanda, na makao yake ni katikati ya ziwa. Kazi ya kumleta iliongozwa na mtaalamu wa uvuvi Mbelgiji, A. Collart. Samaki wachanga walivuliwa Tanganyika, wakatiwa katika vyombo vya maji, wakapandishwa milima kwa barabara, wakamiminwa Kivu. Hesabu iliyoandikwa ni samaki wachanga 57,400. Yafaa kuongeza kwamba katika miaka hiyo hiyo bwawa la kwanza la umeme lilijengwa juu ya mto Rusizi, hapa Mururu. Yaani wakati binadamu alipokuwa akiuongezea komeo mlango wa mto, alikuwa akimpitisha samaki kwa mlango wa gari.

Mwaka wa 1959 katika Rwanda haukumbukwi kwa ajili ya samaki. Tarehe 25 Julai mwaka huo Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa alifariki ghafula Usumbura, mji ule ule wa mwambao wa Tanganyika ambao leo ni Bujumbura, na mwezi wa Novemba yakaanza mauaji na uchomaji wa nyumba uliowafanya Watutsi wengi kuwa wakimbizi. Si ajabu basi kwamba wananchi wengi hawakuwa na habari ya vyombo vya maji vilivyopita barabarani. Hakuna mvuvi wa Nkombo aliyeulizwa kama anataka jirani mpya. Utawala wa kikoloni haukuwa na desturi hiyo katika mambo makubwa kuliko samaki.

Sasa, katika kuvua samaki wachanga wa ndagala, wavu haukuchagua. Pamoja nao waliingia watoto wa samaki mwingine wa ukoo huo huo, Limnothrissa miodon, ambaye kule Burundi huitwa lumpu. Wakiwa wachanga, ndagala na lumpu hufanana mno hata mtaalamu huhitaji kuwatazama kwa makini. Wote wawili wakamiminwa. Ndagala, mteule, akafa wote. Alizoea maji ya katikati tu, na ziwa hili lenye tabaka jembamba la uhai halikumfaa. Lumpu, aliyekuja kama msafiri asiye na tiketi, akaishi. Huyu si mwenye kuchagua sana: huzaa na kukulia kandokando, huenda katikati akiwa mkubwa, hula planktoni, wadudu, na watoto wa samaki, wakiwamo watoto wa aina yake mwenyewe. Na jambo jingine lilimsaidia. Kule Tanganyika yeye na ndagala huwindwa mchana na usiku na mgebuka na sangara wa ziwa lile. Huku Kivu aliletwa bila adui zake. Alikuja mlaji ambaye hakuwa na wa kumla.

Kwa muda wa miaka kumi na zaidi hakuna aliyejua kwa hakika kilichotokea. Wakoloni walikuwa wamekwisha ondoka, Rwanda na Kongo zimekuwa dola huru, na mambo ya kushughulikia yalikuwa mengi. Hatimaye, katika miaka ya 1970, ikathibitika kwamba katikati ya Kivu hapakuwa tena patupu. Mwishoni mwa miaka hiyo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likaanza mradi wa uvuvi kwa upande wa Rwanda, makao yake yakiwa Gisenyi, na wavuvi wakafundishwa ufundi ulioanza upande wa Burundi katika miaka ya 1950. Ufundi wenyewe ni wa kungoja giza. Mitumbwi huunganishwa, taa za karabai huwashwa juu ya maji, wavu mpana huteremshwa chini. Planktoni huifuata nuru, samaki huifuata planktoni, na watu huuinua wavu. Usiku wa mbalamwezi kazi hulala, kwa maana nuru huwa imetapakaa kila mahali na samaki hawakusanyiki.

Matokeo yake kwa watu wa mwambao hayahitaji kutiwa chumvi. Samaki wa zamani wa Kivu, hasa wale wakubwa, walikuwa wachache na ghali. Nyama ilikuwa chakula cha sikukuu. Sambaza alileta kitoweo kinachonunulika kwa fungu dogo, kinacholiwa chote pamoja na kichwa na mifupa, na kinachohifadhika bila umeme. Mama mwenye watoto watano aliweza kununua kidogo kulingana na alichonacho mkononi. Ajira nayo ikazuka: wavuvi, washona nyavu, wachuuzi wanawake wavukao daraja na beseni kichwani, waanikaji, wauza mafuta ya taa na baadaye betri. Kazi hiyo ilivunjwa mwaka wa 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ikabidi kuanzwa upya na watu waliosalia na waliorudi. Leo huendeshwa zaidi kwa vyama vya ushirika.

Jina pia lilibadilika njiani. Aliyetoka Tanganyika akiitwa lumpu, huku akawa isambaza katika Kinyarwanda, na sambaza katika Kiswahili cha Bukavu na Goma. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kulisikia jina hilo asikumbuke kitenzi “kusambaza”, yaani kueneza huku na huku. Mfanano wa sauti si ushahidi wa asili ya neno, na namwonya mwanafunzi asiuchukue hivyo. Lakini ni vigumu kumpata samaki aliyelistahili jina lake zaidi. Mwaka wa 1967 na 1968 samaki huyu huyu alichukuliwa kutoka Tanganyika akatiwa katika ziwa la bwawa la Kariba, kati ya Zambia na nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Wazambia wakamwita kapenta. Kutoka Kariba akateremka mwenyewe na mto Zambezi mpaka Cahora Bassa katika Msumbiji, bila ya kuomba ruhusa ya mtaalamu ye yote.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, nayo ingekuwa tamu, lau kusingekuwa na Ziwa Viktoria. Kila anayemsifu sambaza hana budi kuulizwa habari za sangara, kwa sababu mambo haya mawili ni mapacha. Sangara wa mto Nili aliishi katika Ziwa Albert na chini ya maporomoko ya Murchison. Maporomoko hayo yalikuwa kwa Ziwa Viktoria kama mabonde ya Rusizi yalivyokuwa kwa Kivu: mlango uliofungwa. Juu yake furu waliishi, wa mamia ya aina, ambao watawala wa uvuvi waliwadharau kwa udogo na mifupa yao. Wazo likawa lile lile: atiwe mlaji atakayewageuza samaki duni kuwa samaki mkubwa wa thamani. Mtaalamu wa Kiingereza Geoffrey Fryer aliandika mwaka wa 1960 kulipinga. Alichelewa. Sangara huaminika kuwa alitiwa kimyakimya upande wa Uganda tangu mwaka wa 1954, na mwaka wa 1962 na 1963 akatiwa waziwazi, Uganda na Kenya.

Kwa miaka ishirini ilionekana kana kwamba hakuna lililotukia. Katika miaka ya 1980 ziwa lote likageuka kwa mara moja. Sangara, ambaye aweza kupita uzito wa kilo 100, aliwala furu hata ikakadiriwa kwamba kama aina 200 zimepotea, kiasi ambacho hapana tukio jingine la namna hiyo linalokaribia katika historia ya samaki. Kisha vikaja viwanda vya minofu Mwanza, Kisumu na Jinja. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na watu wa mwambao wakabaki na vichwa na mifupa, ambavyo Mwanza viliitwa mapanki na Kisumu mgongo wazi. Maneno hayo mawili yameingia katika Kiswahili kwa njia ya njaa, na nadhani kamusi ikiyaandika iseme hivyo.

Kwa hiyo mwaka wa 1986, habari za Viktoria zikiwa zimeanza kuwatisha watu, mwanasayansi wa Kibelgiji Henri Dumont aliandika juu ya Kivu akiuliza kama hapa nako si balaa la pili la Afrika. Hoja yake ilikuwa na uzito. Alilinganisha planktoni iliyoorodheshwa katika miaka ya 1950 na ile ya zama za sambaza, akaona kwamba dafnia hayupo tena. Yule mwenyeji wa katikati ya ziwa, mkubwa na mzito wa kukimbia, alikuwa ameliwa mpaka akatoweka. Dumont alihofia kwamba sambaza amejikatia tawi alilokalia: amekula chakula kilicho bora, amebakiwa na kile kidogo, na uvuvi wake utaanguka punde.

Uvuvi haukuanguka. Wengine walimjibu, na wakati ukajibu zaidi. Samaki walipopimwa kwa mitambo ya sauti mwaka wa 1989 na tena mwaka wa 2008, wingi wao ulionekana kuwa sawasawa, maelfu machache ya tani katika ziwa zima. Si wingi ule walioutazamia waliomleta, lakini si anguko. Wala haikupatikana hata aina moja ya furu wa Kivu iliyothibitika kumalizwa naye. Sababu kubwa ni kinywa chake. Sangara humeza samaki mzima. Sambaza, ijapokuwa ni mlaji, kinywa chake hakimruhusu kula zaidi ya vitoto na vidudu. Tofauti kati ya neema ya Kivu na msiba wa Viktoria haikutokana na hekima ya waliopanga, maana waliopanga walifikiri kwa namna moja, katika muongo mmoja, na aliyewafanikisha hapa hata hawakumkusudia. Ilitokana na vipimo vya mdomo wa samaki.

Lakini Dumont hakukosea yote, na hapa wachunguzi wa ng'ambo ya daraja wanastahili heshima. Katika Chuo cha Ualimu cha Bukavu, kiitwacho ISP, walimu waliliweka ziwa kuwa darasa lao, wakalipima mwezi baada ya mwezi katika miaka ambayo vita vilikuwa mlangoni. Mwapu Isumbisho na wenzake walichapisha matokeo mwaka wa 2006. Planktoni ya Kivu, nusu karne baada ya mgeni kuingia, ilikuwa imepungua na kuwa ya maumbo madogo, na dafnia wa zamani hakuonekana. Kufa kwa kidudu kisichoonekana vizuri kwa jicho hakumlizi mtu. Hata hivyo dafnia ndiye aliyekuwa mfyekaji mkuu wa mwani. Alipoondoka yeye, mwani usioliwa ungekufa na kuzama, ukaoze kilindini.

Na kilindini ndiko kwenye lile jambo tulilosema kwamba tutalirudia. Chini ya Kivu kuna kiasi kikubwa sana cha gesi ya kaboni na gesi ya methani, zimeshikiliwa na uzito wa maji. Mwaka wa 1986, mwaka ule ule wa makala ya Dumont, Ziwa Nyos katika Kameruni lilitoa gesi yake kwa usiku mmoja, likaua watu wapatao 1,700. Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos na mwambao wake una watu wengi. Basi vipimo vya mwaka wa 2004 vilipolinganishwa na vya mwaka wa 1974, vikaonyesha kwamba methani imeongezeka kwa asilimia 15 hata 20, wapo waliouliza: je, si samaki huyu? Je, si yeye aliyemla dafnia, akauacha mwani uzame, nao ukaoza ukawa gesi? Fikiria uzito wa swali hilo kwa mtu wa Rusizi. Kitoweo cha mtoto wake kinashitakiwa kwamba kinajaza baruti chini ya kitanda chake.

Mashitaka hayo hayakusimama. Vipimo vipya, vilivyofanywa na wataalamu wa nchi mbalimbali kwa ala tofauti ili wasahihishane, vilichapishwa mwaka wa 2020, navyo vikaonyesha kwamba gesi ya Kivu iko karibu katika hali ile ile, haipandi kwa kasi iliyohofiwa. Hatari ya ziwa ipo kama ilivyokuwapo kabla ya sambaza, na tangu mwaka wa 2016 sehemu ya methani huvutwa na mtambo wa KivuWatt kule Karongi kuwa umeme. Juu ya shitaka hili sambaza ameachiliwa. Juu ya lile la dafnia, hapana.

Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Husema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wa Kivu wamempa sambaza jembe kwa haki, naye amelima. Katika kufundisha, lakini, nisingependa tuishie kwenye methali ya kwanza, kwa sababu kati ya wenyeji yuko mmoja ambaye hakupona, na kwa sababu mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mgeni mmoja haukufungwa nyuma yake. Mwaka wa 2006 wavuvi wa Kivu walianza kuinua nyavuni samaki wasiyemjua, mwembamba, dume lake likiwa na madoa ya buluu yanayong'aa kama shanga. Ni Lamprichthys tanganicanus, naye pia ni wa Tanganyika, naye hula planktoni na wadudu. Hakuna kumbukumbu ya serikali inayosema kwamba alipandikizwa. Hakupanda maporomoko. Yu kandokando ya ziwa, mahali pale ambapo watoto wa sambaza hukulia, nao hugombea chakula kimoja.

Kila mwaka, kwa kawaida kati ya Agosti na Oktoba, ziwa hufungwa ili sambaza wazae wakue. Usiku wa majira hayo vilima vya Kamembe hutazama giza tupu, na bei ya samaki wakavu hupanda sokoni. Siku ziwa lifunguliwapo taa hurudi zote kwa pamoja, na asubuhi yake, katika beseni za wachuuzi wa kandokando, huonekana humo ndani ya weupe wa sambaza wale wenye madoa ya buluu. Nao wananunuliwa.